Kombe Ndani ya Tangi la Dizeli

Siku ya kwanza kazini sikupewa spana. Msimamizi wa karakana ya shamba la mkonge alinipa kijiti cha mpingo, akaniambia ncha moja niiegemeze kwenye injini inayounguruma, nyingine niing'ate, kisha niseme nasikia nini. Nikasema nasikia kelele.

"Kelele hata mbuzi anasikia," akanijibu. "Rudi usikilize."

Shule niliiacha mapema. Kusoma kwangu kukawa huko, kwa meno.

Nozeli ni kidude kinachopuliza dizeli ndani ya silinda iwe kama ukungu. Ikichoka haipulizi, inakojoa. Hapo injini inagonga, moshi unakuwa mweusi, na gari linakosa nguvu mlimani. Siku hizi vijana wanachomeka kompyuta, lakini pikapu ya zamani haina pa kuchomeka. Unaiacha iungurume taratibu, unalegeza nati za mabomba ya nozeli, moja baada ya moja. Ukilegeza ya nzima, injini inayumba na kulalamika. Ukilegeza ya mbovu, injini haina habari. Na mkono wako ukae mbali, dizeli ile inatoboa ngozi.

Kutoka kwenye mkonge nilihamia gereji ya barabarani, Kerege. Mwenye gereji alikuwa na sharti lake: fundi aliyefunga nozeli ndiye apande gari hilo safari ya kwanza, liende liendako. Aliyesitasita alimwambia, "Unaogopa kupanda? Basi umefunga nini?" Sharti hilo nililishika mpaka mwisho.

Gari langu la mwisho lilikuwa Saadani, nilikohamia kwa binti yangu. Lilikuwa pikapu ya milango minne ya kijana Salehe, aliyoirithi kwa baba yake. Baba huyo alifia kwenye usukani, katikati ya pori la hifadhi, injini ikiunguruma. Tangu hapo kila walipofika mahali pale injini iligonga kwa nguvu, ikazima. Watu wakakataa kulipanda. Na mke wa Salehe, Rukia, alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia. Mtoto wa kwanza alimzaa kwa upasuaji, na nesi alishasema huyu lazima azaliwe hospitali, Bagamoyo. Gari jingine halikuwapo.

"Shikamoo, bibi," Salehe akaniamkia.

"Marahaba. Inazimia wapi?"

"Palepale, bibi. Alipofia baba."

Mama yake, Bi Mize, alikuwa amekaa kando na kanga kichwani. "Ni mume wangu anayegonga," akasema. "Ila simwelewi anataka nini."

"Bi Mize, mumeo alikuwa akipiga hodi kwa chuma?"

"Alikuwa mtu wa kelele, mwenzangu." Akacheka kidogo.

Nikalegeza nati. Kwa nozeli ya tatu, injini haikuwa na habari. Nikamwaga tangi, na chini ya dizeli yakatoka maji yanayonukia waridi.

"Nani kamwaga marashi humu?"

 Salehe akamtazama mama yake.

"Ni kombe," Bi Mize akasema. Alikuwa ameandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya waridi. "Nilitaka atulie."

"Kombe hunywa mtu! Nozeli ukiinywesha maji inaota kutu."

Nikawaeleza. Pale pana mwinuko wa mchanga. Nozeli iliyochoka ikipata moto inakwama; na tangu kombe limwagwe, gari likiinama maji nayo yanafuata bomba. Basi. Salehe akaenda Bagamoyo kwa bodaboda, akaleta nozeli nzima, nikafunga, nikatoa hewa kwenye mabomba. Injini ikaunguruma laini kama cherehani.

Uchungu ulimshika Rukia asubuhi. Nilipanda nyuma, kichwa chake mapajani mwangu. Bi Mize alikaa mbele, kando ya mwanawe. Adhuhuri tukaanza kupanda ule mwinuko. Injini haikukohoa.

Juu kabisa, katikati ya njia, alisimama mtu mwenye kanzu, ameinua mkono. Ndani ya hifadhi hakuna anayetembea kwa miguu. Hata ndege walikuwa wamenyamaza.

Salehe akaondoa mguu kwenye pedali ya mafuta. "Mama," akasema, "yule ni baba."

Bi Mize alikuwa ameinama, sikio karibu na dashibodi, kama mtu anayesikiliza mgonjwa.

"Baba yako yumo humu," akasema taratibu. "Sasa injini haigongi, namsikia vizuri. Anasema usisimame. Yule si yeye."

Salehe akakanyaga mafuta. Niliyafumba macho, Rukia akanibana mkono hadi mifupa ikauma. Hakuna kilichotugusa. Nilipofumbua tulikuwa tunateremka upande wa pili, na nyuma yetu njia ilikuwa tupu.

Mtoto alizaliwa salama jioni ile. Mimi nikaweka spana chini. Nilikuwa nimechoka, na umri umekwenda.

Mafundi vijana wakinijia huniuliza nani alisimama pale. Sijui, na sijaenda kuuliza. Nawaambia wamwage tangi kwanza, walegeze nati, wasikilize, na kazi ya nozeli wasiifanye kwa kulipua. Siku ile gari lingezima pale juu, sote tungeshuka, na yule mtu anatungoja.