Upande wa Pili wa Kaseti ya Maman Nsimire

"Ule mutoto? Hata kaseti anashindwa kurudisha, njo atarudia na diplome?"

Maneno hayo aliyasema Tonton Bahati, fundi cherehani wa barabara yetu ya Kadutu, siku niliyopanda gari kwenda kusoma mbali. Wateja wake walicheka. Leo diploma yangu ya umeme iko ukutani, katika fremu niliyoinunua mwenyewe, sebuleni mwa nyumba niliyoijenga mwenyewe, na anayetaka kuisoma namfungulia mlango. Lakini kuhusu kaseti Tonton alisema kweli. Niliondoka na tatu, zote za watu.

Ninyi mliokulia Bukavu enzi zile mnakumbuka albamu ilikuwa kitu gani. Majina yake hatukuyajali, tuliziita kwa picha ya jalada. Kofia Nyeupe ilikuwa ya Tonton Bahati, na gitaa lake likianza, watu waliacha sahani ya dagaa wa sambaza wakainuka kucheza na vidole vyenye mafuta. Kanzu za Bluu ilikuwa kwaya, mali ya katekista wetu, ya asubuhi za Jumapili wakati mashati yananuka pasi ya makaa. Na Mama wa Kitambaa ilikuwa ya Maman Nsimire.

Nyumba yake ilikuwa chini ya yetu. Mnajua Kadutu inavyopanda mlima: nikisimama uani kwetu niliweza kugusa bati lake kwa ufagio. Moshi wa maharage yake ulitufikia, na muziki wake pia. Mume wake alikuwa ameenda kuchimba dhahabu, habari zake zikakatika. Kila alasiri Maman Nsimire aliweka ungo mapajani akachambua maharage, huku yule mwanamke wa kwenye kaseti akiimba kama mtu anayeongea na mlango uliofungwa. Ukifika wimbo wa mwisho wa upande wa pili, mikono yake ilisimama. Mawe na maharage vilibaki vimechanganyika mpaka wimbo uishe. Kilingala changu kilikuwa kidogo, lakini na mimi niliacha kufagia mpaka uishe.

Kaseti iliazimwa kwa masharti. "Inatoka iko mwanzo, inarudi iko mwanzo," mama alituonya, maana yake uizungushe kwa kalamu ya Bic kabla ya kuirudisha, usile betri za watu. Betri zenyewe tulizianika juani zipate nguvu. Vijana wa leo wana nyimbo elfu mfukoni, na mwimbaji hajafungua kinywa wameshamruka.

Sasa nitaje kosa langu. Mama alitoka kila alfajiri kwenda kuchukua mboga Mudaka, baba alifanya kazi Nyangezi na kurudi Jumamosi. Kwetu nilikuwa mtoto wa pekee, katika barabara ambayo kila nyumba ilikuwa na wanane. Nikitoka shule nilikula bugali baridi nimesimama. Alasiri moja mvua ilinyesha, hakuna rafiki aliyetoka nje, na mimi nilikuwa nimeazima Mama wa Kitambaa. Ile kaseti ilikuwa imevunjwa vile vibao vya nyuma ili isirekodiwe tena. Matundu yake niliyajaza karatasi iliyotafunwa, nikabonyeza kitufe chekundu, nikawa mtangazaji. "Bonjour, batu ba Bukavu." Nilitangaza habari za kuku wetu. Nilitangaza mvua. Kisha bonjour tena, na tena, kwa sababu ilipendeza kumsalimia mtu.

Niliporudisha nyuma kusikiliza, wimbo wa mwisho haukuwepo. Nilikuwepo mimi.

Nilimwambia Maman Nsimire kwamba radio imekula mkanda. Alisema "Basi," tu. Tangu siku hiyo, alasiri, kutoka chini tulisikia maharage peke yake yakirukaruka kwenye ungo. Njia ya kwenda kwa Tonton na kwa katekista ilipita mlangoni pake, kwa hiyo hata kaseti zao sikuzirudisha.

Zilinilea ugenini. Niliosha sahani za watu, nililinda mageti, nilisoma vitabu vilivyowashinda wenye wazazi matajiri. Kofia Nyeupe niliisikiliza asubuhi za mitihani. Kanzu za Bluu niliisikiliza wiki mama alipozikwa bila mimi. Mama wa Kitambaa niliizima kila mara kabla ya kuifikia sauti yangu.

Mwezi uliopita, siku moja, nilishuka Kadutu na kaseti zote, zimezungushwa mwanzo. Kwa Mama wa Kitambaa nilikuwa na mbili: ile niliyoiharibu na nyingine nzima niliyoitafuta miaka. Tonton Bahati aliigeuzageuza yake.

"Sasa nitaisikilizia wapi, ingénieur? Mu cherehani?"

Katekista alishafariki, binti yake akapokea. Kisha nikabisha kwa Maman Nsimire.

"Ingia. Umenenepa kama mwenye kuuza nyama."

Nilikuwa nimebeba na radio. Nilimwambia ukweli wote nimesimama, mimi mwenye diploma, kama mtoto aliyekojoa kitandani. Tukasikiliza wimbo wa mwisho kwenye ile nzima. Mikono yake, iliyokuwa na mishipa iliyovimba, ilitulia mapajani. Ulipoisha alisema, "Weka na ile ingine."

Sauti ya mtoto ikatoka. Bonjour, batu ba Bukavu.

"Ile siku nilikusikia," akasema Maman Nsimire. "Nyumba yenu iko juu ya bati yangu, utanificha nini? Nilijua radio haikukula kitu."

"Na hukusema, Maman?"

"Niseme nini? Mutoto alikuwa peke yake. Kila mara ulisema bonjour, miye nilikuitikia. Mvua njo ilikuwa na kelele, haukusikia."

Alibaki nazo zote mbili. Nilitoka mikono mitupu, sina kitu cha mtu hata kimoja. Nyumbani kwangu spika ni ndefu kuliko mimi, na hakuna jirani anayebisha kuazima chochote. Njiani nilikutana na kijana anapanda mlima, nyaya masikioni, kichwa kinatikisika.

"Bonjour," nikamwambia.

Alipita.