Jina Lililohamia kwa Mdogo Wake

Kwetu Bungoma mwanamke akishazaa, jina lake hupumzika. Anaitwa kwa jina la kifungua mimba wake mpaka anaingia kaburini. Mimi niliitwa kwa jina la mwanangu wa kwanza zaidi ya miaka ishirini, hadi alipoacha chuo na kurudi nyumbani akijibu sauti ambazo sisi wengine hatukuzisikia.

Majirani walinionea huruma sana. Hakuna aliyenicheka. Walichofanya, bila hata kuitisha mkutano, ni kuanza kuniita kwa jina la mdogo wake, ambaye anasoma vizuri na anaimba kwaya. Kuanzia bombani hadi kanisani nikawa mama wa mtoto mzima. Hata pasta alizoea. Nami nikaitika, maana ukiitwa kwa upole hivyo utakataa vipi?

Siku moja tukiwa mezani, mwanangu mkubwa alimsikia mgeni mlangoni akiniita kwa jina hilo. Akaweka kijiko chini.

"Mama, kwani mimi nilikufa na hamkuniambia?"

Tangu siku hiyo akawa hatoki chumbani mgeni akibisha, na dawa akazikataa. Alisema marehemu hamezi dawa. Mtu mwingine angecheka. Mimi niliogopa kwamba atakuja kuliamini kabisa.

Muuguzi wa kliniki aliniambia kuna vikundi vya wazazi kama mimi. Kimoja kilikuwa hapa hapa Bungoma, lakini nikachagua cha Kitale, ambako hakuna anayenijua. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimeshazaa watatu, kuficha ndiko nilikoanza uzeeni. Nikamuaga jirani yangu wa upande wa pili wa ua, nikamwambia naenda matanga. Akanipa pole, akasema hata yeye siku hiyo yuko Lwakhakha, kule mpakani, kununua bidhaa.

Nilipoingia kwenye ule ukumbi wa kanisa Kitale, mtu wa kwanza kumwona alikuwa yeye, ameketi mstari wa mbele na kikombe cha chai. Nikakaa kando yake, kwa kuwa kiti kilichobaki kilikuwa hicho tu.

"Pole na matanga," akasema bila kugeuka.

"Asante. Na huko Lwakhakha vitu ni bei gani?"

"Vimepanda, bana."

Kumbe binti yake, ambaye jirani alituambia ameolewa Uganda, hakuwahi kuvuka mpaka. Alikuwa chumba cha nyuma, karibu kabisa na jikoni kwangu. Miaka yote hiyo tumekopeshana chumvi juu ya ua, kila mmoja akimficha mwenzake kitu kile kile. Nilikasirika, halafu nikakosa wa kumkasirikia.

Mwenye kuongoza kikao alitaka kila mzazi ajitambulishe kwa jina la mtoto aliyemleta pale. Zamu yangu ilipofika, ulimi ulifuata njia uliyoizoea, nikamtaja yule mdogo.

Jirani akanigusa goti. "Si huyo hana shida? Sema yule mkubwa."

Nikalisema. Lilitoka kwa shida, nikalia mbele ya watu nisiowajua na mmoja niliyemjua sana. Hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Tulirudi Bungoma pamoja. Asubuhi yake, wanawake wakiwa wamejaa bombani, nikamsikia jirani akiniita kutoka upande wake wa ua, kwa sauti ya mtu anayeuza omena. Aliniita kwa jina la mwanangu mkubwa. Bombani mtu akafunga maji ili asikie vizuri. Akaita tena.

Nilikuwa jikoni, mikono imejaa unga. Kabla sijajipangusa, mlango wa chumba cha mwanangu ulifunguka. Akapita mbele ya wale wanawake wote, miguu mitupu, nywele hazijachanwa, akaenda hadi kwenye ua.

"Mama yangu yuko," akasema. "Ngoja nikuitie."