Kemunto Alikataa Cheti cha Shukrani

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumatatu. Kengele haijalia, lakini watoto sita tayari wamejipanga nje ya chumba cha Kemunto Ondieki. Mmoja anatokwa damu puani. Wawili wamekuja kuvuta dawa ya pumu kabla ya darasa, maana baridi ya Novemba inawabana kifua. Msichana wa darasa la tatu ameshika jino lake kwenye kipande cha karatasi.

Kemunto anambana pua yule wa kwanza kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia ukiandika saa na dakika kwenye daftari.

"Inamisha kichwa mbele, baba, si nyuma," anamwambia. Mtoto, ambaye wazazi wake ni Wakenya, anaelewa vizuri, ila anamjibu kwa Kiingereza.

Nje ya mlango, ukuta wote wa ukumbi umefunikwa majani ya karatasi, mekundu na ya njano. Kwenye kila jani mtoto ameandika anachokishukuru: mama, mbwa wangu, theluji, nyanya yangu. Juu yake herufi kubwa zinatangaza kwamba hii ni shule yenye shukrani.

"Watoto sina shida nao," anasema Kemunto. "Mtoto anaandika anachomaanisha. Mimi nina shida na watu wazima."

Ana miaka 47. Alizaliwa Nyamira, Kenya, akaja Minnesota mwaka 2009, na kwa miaka tisa alihudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee kule Blaine. Baadaye akapata kazi ya msaidizi wa afya katika shule hii ya msingi ya Richfield, ambayo hatuitaji jina kwa ajili ya watoto. Analipwa dola 22 kwa saa. Kiangazi, shule zikifungwa, halipwi.

Mpaka Juni mwaka huu alikuwa hapa siku zote tano za wiki. Septemba wilaya ya shule ikapunguza wafanyakazi, na Kemunto akagawanywa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa yuko hapa, penye wanafunzi 430. Jumanne na Alhamisi yuko shule nyingine, mwendo wa dakika kumi na moja kwa gari.

Hilo alilikubali. Alichokataa ni kufuli.

Dawa za watoto hukaa kwenye kabati la chuma chumbani kwake, na kabati hilo lilikuwa na funguo mbili. Moja anatembea nayo yeye. Ya pili ilikuwa kwa mwalimu mkuu. Shule hiyo ina watoto kumi na tisa wenye mzio mkali, wa njugu, wa maziwa, wa nyuki, na sindano zao za dharura zote zilikuwa humo ndani.

"Mtoto wa mzio mkali hana nusu saa," anasema. "Wakati mwingine hana hata dakika kumi. Sasa siku ambayo mimi siko, na mwalimu mkuu ameenda mkutano, nani anafungua?"

Swali hilo aliuandikia uongozi wa shule kwa barua pepe tarehe nne Septemba. Aliomba mambo mawili tu: sindano za dharura ziwekwe kwenye sanduku la ukutani lisilo na kufuli, na watu wawili zaidi wafunzwe kuzitumia. Alijibiwa siku ya pili. Gazeti hili limeuona ujumbe huo. Unamshukuru kwa moyo wake mkubwa kwa watoto, na chini yake kuna picha ya jani la maple, ule mti wa nchi za baridi ambao huku kila kitu cha msimu huu hupambwa kwa majani yake. Kuhusu sanduku, hakuna neno.

Akaandika tena mwishoni mwa Septemba. Akashukuriwa tena. Akaandika mara ya tatu katikati ya Oktoba, na safari hiyo hata asante hakupata.

Alhamisi ya mwisho ya Oktoba, darasa la pili lilikuwa na sherehe ya mavuno. Walichonga maboga, wakaimba, wakagawiwa biskuti zilizoletwa kutoka nyumbani. Kirezi, msichana wa miaka saba ambaye mama yake, Perpétue, ameruhusu tumtaje, alikula moja. Ilikuwa na njugu ndani.

Kemunto alikuwa shule ya pili simu ilipolia, saa nane kasoro dakika kumi mchana. Aliyepiga ni Timothy Wanjala, fundi na msafishaji wa shule, Mkenya mwenzake wa Bungoma, ambaye alikuwa amefika darasani kupangusa maji yaliyomwagika.

"Dada, huyu mtoto midomo imevimba. Anapumua kwa shida. Karani ameshapiga simu ya ambulensi, lakini ufunguo hauonekani."

"Mwalimu mkuu yuko wapi?"

"Ametoka, mkutano. Karani amepindua droo zote."

"Una nini mkononi?"

"Bisibisi."

"Vunja kabati."

"Nivunje?"

"Vunja, Wanjala. Makosa yatakuwa yangu."

Aliusikia mlango wa chuma ukigonga ukuta. Kisha akamwelekeza hatua kwa hatua, simu ikiwa begani mwa Wanjala: rafu ya pili, pakiti ya njano, soma jina. Toa kifuniko cha bluu. Ncha ya rangi ya chungwa iwe chini, kwenye paja, juu ya suruali hivyo hivyo. Sukuma mpaka usikie mlio, usiachie.

"Hesabu na mimi," akamwambia. Wakahesabu pamoja mpaka tatu.

Ambulensi ilifika dakika sita baadaye. Kemunto alipoingia uwanjani na gari lake, Kirezi alikuwa anabebwa nje, macho wazi, akilia. "Nilifurahi sana kusikia kile kilio," anasema. "Mtoto anayelia anapumua."

Perpétue, ambaye ni Mkongomani na anafanya kazi kwenye kiwanda cha kufungasha vyakula karibu na Eden Prairie, alimkuta bintiye hospitali. "Docteur aliniambia, mama, yule mtu aliyemchoma sindano ndiye amekuachia mtoto," anasema. "Nikauliza, ni nani? Nikaambiwa ni Papa Wanjala, yule wa kufagia."

Wiki mbili baadaye jarida la shule la Novemba likatoka, lote la shukrani. Katika ukurasa wa kwanza uongozi wa shule ulipongezwa kwa kuchukua hatua haraka wakati wa dharura ya kiafya. Wanjala hakutajwa. Kemunto hakutajwa.

Wiki hiyo hiyo Wanjala alipokea barua rasmi. Ilimwonya kwa kuharibu mali ya shule bila idhini, na ilisema nakala itakaa kwenye faili lake.

"Niliisoma mara mbili," anasema Wanjala, mwenye miaka 58, mtu wa sauti ya chini. "Nikadhani wamekosea jina. Mke wangu ndiye aliyekasirika. Mimi niliona aibu, na sijui aibu ya nini."

Kemunto hakuona aibu. Ijumaa iliyopita wafanyakazi wote walikusanywa kwenye ukumbi wa michezo kwa hafla ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani. Waliitwa mmoja mmoja, kila mtu akapewa cheti na kikombe. Lilipoitwa jina lake, alikwenda mbele, akaomba kipaza sauti.

"Hiki sitachukua," alisema. "Mpeni Wanjala, na ile barua mliyomwandikia muitoe kwenye faili lake."

"Kemunto, hapa si mahali pake," mwalimu mkuu akamwambia.

"Mahali pake ni wapi? Nimewaandikia mara tatu."

Akatoa karatasi mfukoni, akazisoma barua zake zote tatu na majibu mawili aliyopata, pamoja na tarehe. Hakupaza sauti. Waliokuwepo wanasema ilichukua kama dakika nne. Alipomaliza, mwalimu wa darasa la pili, Sydney, alikwenda akaweka cheti chake mwenyewe mezani. Wengine watano wakamfuata. Waliobaki walishika vikombe vyao wakaangalia sakafu.

Tulipomuuliza, mwalimu mkuu alijibu kwa maandishi kwamba usalama wa wanafunzi ni kipaumbele, na kwamba masuala ya wafanyakazi hayajadiliwi hadharani.

Barua ya Wanjala bado iko kwenye faili. Kabati limetengenezwa, likatiwa kitasa kipya, kigumu kuliko cha kwanza. Sasa lina funguo tatu badala ya mbili. Sanduku la ukutani halipo. Kirezi amerudi darasani, lakini kwa siku zile mbili ambazo Kemunto hayupo, mama yake humfichia sindano ya ziada ndani ya soksi, kinyume cha kanuni za shule.

"Wanifukuzie mtoto basi," anasema Perpétue. "Nitajua yuko hai."

Jumanne ya pili ya Desemba, bodi ya wilaya ya shule itasikiliza wananchi. Kila mzungumzaji hupewa dakika tatu. Kemunto amejiandikisha, na Perpétue, na Sydney. Wanjala alisita siku nne, kisha naye akaandika jina lake. Wazazi sitini na wanane wametia saini ombi la sanduku lisilo na kufuli katika kila shule ya wilaya, si hii moja tu.

Nyumbani Kemunto anafanya mazoezi ya hotuba yake jikoni, mumewe Enock akimshikia saa. Mwanzoni alikuwa anazidisha nusu dakika.

"Enock akaniuliza, hapa mwanzo unawashukuru kwa lipi?" anasema chumbani kwake shuleni, huku akimwita ndani mtoto wa mwisho kwenye foleni. "Nikapafuta. Sasa inaingia dakika tatu kamili."