Mahojiano Yaliyofungwa Rasmi

Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa kuzifungua na kuzirudishia, na kwa sababu hiyo shule moja ya sekondari huku Mwembesongo huniita kila inapotaka kufungiwa projekta na spika. Safari ile niliitwa kwa jambo lililopewa jina kubwa: wanafunzi kumhoji mtafiti kwa njia ya mtandao. Mtafiti mwenyewe, mama mmoja anayechunguza magonjwa ya mimea, alikuwa ofisini kwake upande wa pili wa mji huu huu wa Morogoro. Bodaboda ingemfikisha kabla chai haijapoa. Lakini mradi uliogharimia shughuli ile ulitaka mtandao, basi ikawa mtandao, na mvua iliyokuwa ikipiga bati la ukumbi wetu tukaisikia kwenye spika ikipiga na la kwake.

Nilipokuwa natandaza nyaya, msichana wa kidato cha tatu alinisogelea, akaniamkia, akauliza kama kweli yule mama angemsikia.

"Atakusikia. Una swali gani?"

"La miche ya pilipili manga, fundi. Kwetu Kinole inakuwa njano, halafu inakauka. Babu amesema Jumamosi anakata shamba zima, hata ile mizima, apande migomba. Bibi haongei naye."

"Mwalimu amelipitisha?"

"Amelikataa. Amesema hayo ni mambo ya nyumbani."

Yaliyopitishwa yalikuwa maswali ya mwalimu wa taaluma mwenyewe, kama vile changamoto gani mtafiti alikutana nazo na ana ushauri gani kwa vijana. Aliwakaririsha wanafunzi siku kadhaa. Hawakutaka kuyajua hayo, na nina hakika hata yeye hakutaka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kuwafundisha watoto kuuliza.

Tukaanza kwa sala, ikafuata dua, kisha wimbo wa shule. Kamera nilikuwa nimeielekeza kwa wanafunzi. Mkuu wa shule akaniagiza niigeuzie meza kuu. Mtafiti aliposema, "Haya, wanangu, niulizeni," mwalimu wa taaluma alimjibu, "Daktari, tuvumilie kidogo, itifaki bado." Wakatambulishwa wote waliokaa meza kuu, mmoja mmoja, na kila mmoja akasimama kulipungia mkono dari, kwa kuwa hakuna aliyejali kuuliza kamera iko wapi. Ikasomwa risala. Mgeni rasmi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaeleza kwa kirefu habari za mabati aliyowahi kuipa shule. Kuhusu utafiti alisema ni kitu kizuri.

Wanafunzi wawili walisoma maswali yao. Msichana wa Kinole akanyoosha mkono; mwalimu akamtazama mpaka akaushusha. Kisha mgeni rasmi akakumbuka ana shughuli nyingine, akasimama, akatamka kwamba mahojiano yamefungwa rasmi. Makofi, sala ya kufunga, na meza kuu yote ikahamia ofisi ya walimu, kwenye pilau.

Hakuna aliyeagana na mtafiti. Wala hakuna aliyeniambia nikate mawasiliano. Kwa watu wale, kikao kilichofungwa kwa kinywa cha mgeni rasmi kimefungwa. Kitufe ni kitu kidogo mno kuwa na neno. Ukutani yule mama alikuwa bado yupo, kikombe mkononi, anatazama viti vitupu.

Msichana alikuwa amebaki kupanga viti. Nilimwonyesha kimoja, kile cha mbele ya kompyuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Afadhali, nimempata mwanafunzi."

Akaeleza habari ya shamba. Mama akaweka kikombe chini.

"Shina kwa chini likoje?"

"Jeusi, mama. Ukilibonyeza linabonyea."

"Maji yanatuama?"

"Upande wa chini, ndiyo. Mfereji umeziba."

"Na upande wa juu?"

"Huko bado mizima."

"Basi kwa kusikia tu siwezi kukwambia ni ugonjwa gani, nitakudanganya. Mwambie babu aondoe iliyougua, azibue mfereji, ya juu asiiguse mpaka nione mizizi. Niletee. Nilipo unapajua?"

"Napajua, mama. Napita hapo nikienda kwa shangazi."

Mwalimu wa taaluma akaingia na soda yake. "Wewe, unaongea na nani?"

"Namhoji mtafiti, mwalimu."

"Mahojiano gani? Mgeni rasmi ameshafunga."

"Mwalimu," sauti ikatoka kwenye spika, "mimi bado nipo."

Akaificha soda nyuma ya mgongo.

Msichana alimpigia babu yake kwa simu yangu. Mzee aliguna sana, lakini Jumamosi alikata ya bondeni tu, na mizizi ikashuka mjini ndani ya kiroba. Mara ya mwisho msichana aliponipa habari, pilipili ya juu ilikuwa bado imeparamia miti yake, na bibi ameanza kuongea. Katika taarifa ya shule kuna picha ya mgeni rasmi akilipungia mkono dari. Suala la Kinole halimo, kwa maelezo kwamba lilitokea baada ya shughuli kufungwa.

Juzi mwalimu wa taaluma alinipigia kuhusu awamu ya pili ya mradi.

"Safari hii, fundi, mgeni rasmi akishafunga, na wewe uzime hapo hapo."

Nilimwambia mashine yangu huchelewa kuzima.