Fundi Jabir na ukili wa mkewe

Saa mbili asubuhi, kijijini Gando, Fundi Jabir Nyange ameikalia mikono yake. Si utani. Ameibana chini ya mapaja, mbele ya cherehani, na macho hayabanduki kwa mkewe.

Bi Saada, aliyeketi barazani, anasuka ukili, ule utepe wa ukindu unaoungwa kuwa mkeka. Mkono wa kulia unatetemeka. Jani linamchomoka, analirudisha, linachomoka tena.

"Kumtazama hivi bila kumsaidia ni kazi kuliko kushona kanzu," anasema Jabir, mwenye umri wa miaka 58.

Bi Saada ana ugonjwa wa Parkinson, maradhi ya mishipa ya fahamu yasiyopona, yanayozidi kidogo kidogo. Huu ni mwaka wa sita. Alianza kushindwa kutunga uzi, kisha kufunga vifungo. Lililomliza ni udhu.

"Anayetawadhishwa ni maiti," anasema. "Mie n'hai bado."

Katika kliniki moja mjini Wete walimpata Nadhira, mtaalamu wa tiba kazi, anayemfundisha mgonjwa kufanya shughuli zake za kila siku kwa njia anayoiweza. Alimwagiza Jabir aunenepeshe kwa vitambaa mpini wa kata ya kuchotea maji ya udhu. Bi Saada naye asuke ukili kidogo kila wiki, mumewe aupeleke kliniki, uonekane mkono umefikia wapi.

Hapo ndipo Jabir alipoharibu. Ukili wa kwanza ulikuwa umepinda, moyo ukamuuma. Aliufumua, akausuka upya chumbani, mlango kaufunga, maana hiyo ni kazi ya wanawake na wenzake wangemcheka mwaka mzima.

Akawa anafanya hivyo kila wiki, na wiki tatu Nadhira alisifu. Ya nne akaruhusu Bi Saada atawadhe peke yake. Kata ilimponyoka, maji yakamwagika, akateleza na kuumia bega.

Nadhira alipokuja kumjulia hali, alileta zile kili. Bi Saada aliupapasa mmoja.

"Huu si nkono wangu," akasema. "Umekazwa kama mshono wa cherehani." Akamgeukia mumewe. "Baba Laila, wanisitiri na nini? Nkono wangu ndo huu, watetema."

"Nililia mbele yao, na sioni haya kusema," anakumbuka Jabir. "Nilitaka asivunjike moyo, kumbe nusura nimvunje mifupa."

Walianza upya, safari hii kwa ukili uliopinda. Kata ikawa ndogo, kikaongezwa kigoda cha kukalia. Jabir, aliyekuwa akishona nguo kumi kwa wiki, sasa anamaliza sita; muda uliobaki ni wa mazoezi. Leo Bi Saada anaosha uso na mikono mwenyewe. Miguu bado anasaidiwa.

Maradhi hayatarudi nyuma, na Jabir anajua. Mpango wake ni wa Idi ijayo.

"Nimejishonea kanzu yenye vifungo vikubwa shingoni. Atan'funga yeye. Vikienda upogo, n'taswali navyo hivo hivo."

Bi Saada anacheka bila kuinua macho. "Na watu wakiuliza fundi gani huyo?"

"N'tawambia kanzu nimeshona mie," anajibu Jabir. "Kafunga nke wangu."