Majirani Wanne wa Ansgar Kalisti

Ansgar Kalisti alikuwa na kasoro moja kubwa kazini: mashine ilimtii bila kumwomba cheti.

Alizaliwa Ushirombo, akasoma kwa mapadri hadi darasa la nne, kisha akaja Shinyanga mjini mwaka 1964 kuchochea moto wa boila katika kiwanda cha mafuta ya mbegu za pamba. Opereta wa mashine ya kukamua alipougua, Ansgar aliambiwa aishike kwa wiki moja. Hadi mwaka 1978, wiki hiyo ilikuwa haijaisha.

Mwaka huo Meneja Nkwabi alimwandikia barua. Wageni kutoka wizarani wangefika Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na siku hiyo mafuta yanayobaki ndani ya mashudu, makapi ya mbegu zilizokamuliwa, yasizidi asilimia saba. Yakizidi, Ansgar angehamishiwa getini kuwa mlinzi, na mashine ingekabidhiwa kwa mtu mwenye cheti cha ufundi. Mtu huyo nilikuwa mimi, niliyekuwa maabara nikipima mashudu hayohayo. Msomaji anayo haki ya kuitilia shaka mizani yangu. Ndiyo maana kila sampuli niliipima mara mbili.

Mashine ilikuwa na mambo mawili ya kurekebisha: bolti iliyobana mdomo wa kutolea mashudu, na valvu ya mvuke uliopasha mbegu joto. Ansgar alichora msalaba ukutani kwa chaki. Katikati aliandika kipimo cha mahali alipo, na kwenye ncha nne vipimo vya majirani: bolti ikikazwa mzunguko mmoja, ikilegezwa mzunguko mmoja, valvu ikifunguliwa, valvu ikifungwa. Jirani aliyeacha mafuta machache zaidi, alihamia kwake na kuchora msalaba mpya. Wakati ule vijiji vizima vilikuwa vimehamishwa bila mtu kuulizwa, kwa hiyo utaratibu wa kuuliza majirani wanne kwanza ulionekana kuwa anasa.

Mhandisi Shaaban Salehe, aliyerejea kutoka masomoni ng'ambo na sanduku la vitabu, hakupendezwa nao.

"Mzee, unajuaje uelekee wapi?"

"Sijui, mhandisi. Ndiyo maana nabisha hodi."

"Lakini lazima uwe na mlinganyo. Ukiwa nao, unapata mteremko, na mteremko unakuonyesha njia."

"Huo mlinganyo wa mashine hii unao?"

"Nautafuta."

"Basi sote tunatafuta," alisema Ansgar. "Mimi natafutia hapa kwenye mashine."

Jumatatu misalaba ilikuwa imemfikisha asilimia saba na nukta nne. Jumanne asubuhi mlinganyo ulipatikana, kurasa kumi na moja za mwandiko mzuri sana. Mhandisi alikaza bolti na kufunga valvu kama kurasa zilivyoagiza, kwa mikono yake mwenyewe, bila kuhesabu mizunguko, kwa kuwa hakukusudia kurudi. Nilipima: tisa na nukta nane. Alinishauri nisafishe vyombo vyangu. Nilivisafisha, nikapima tena, vikaendelea kukosa adabu.

Ansgar aligeukia ukuta ili asome njia ya kurudi alikotoka. Ukuta ulikuwa mweupe. Wageni walikuwa wanakuja, na kwetu mgeni wa serikali haonyeshwi kitu ambacho hakijapakwa chokaa. Mawe ya njiani yalipakwa, mashina ya miti yalipakwa, na wiki tatu za vipimo nazo zilipakwa, mikono miwili ya chokaa, kwa usafi wa kupigiwa mfano.

Meneja alipita kukagua. "Sasa hapa panapendeza," alisema.

"Panapendeza, meneja," alijibu Ansgar. "Hata mimi sioni doa."

Zilibaki siku mbili. Kila kipimo kilihitaji saa mbili, kwa hiyo zamu moja ilitosha vipimo vinne. Mhandisi alipendekeza Ansgar arekebishe bolti na valvu kwa pamoja ili kuokoa muda.

"Nikigusa viwili na mambo yakaharibika, nitamlaumu nani?" aliuliza Ansgar. "Jirani mmoja kwa wakati mmoja. Mama Maabara, tupimie hapa tulipo."

Hapo palikuwa tisa na nukta nane, kama jana yake. Akakaza bolti: kumi na nukta sita. Akairudisha, akalegeza mzunguko mmoja: nane na nukta moja. Akahamia hapo. Akafungua valvu mzunguko mmoja: saba na nukta mbili. Akahamia tena, na zamu ya Jumatano ikaisha.

Alhamisi alilegeza tena: saba na nukta tatu. Akarudi, akafungua mvuke zaidi: saba na nukta nane. Akarudi, akakaza: nane na nukta nane. Jirani wa nne, wa kufunga mvuke, alikuwa ndiye tuliyemhama jana.

"Majirani wote wana hali mbaya kuliko wewe, Baba Epifania," nilimwambia Ansgar, nikimwita kwa jina la mwanawe. "Umefika mwisho."

"Hapana. Nimeruka nyumba zilizo katikati. Sasa tunapunguza hatua."

Kilibaki kipimo kimoja. Alilegeza bolti nusu mzunguko, upande ule uliokuwa umetukosea kwa nukta moja tu. Nilisaga mashudu, nikayaosha mafuta, nikakausha, nikapima. Nikapima mara ya pili. Sita na nukta tisa, mara zote mbili.

Ijumaa wageni waliusifu ukuta. Kisha mkubwa wao akauliza kiwanda kilifikaje chini ya asilimia saba, na Meneja Nkwabi akamkabidhi kurasa kumi na moja. Mhandisi Shaaban alitazama viatu vyake. Ripoti ilieleza kwamba hesabu zilithibitishwa kwa majaribio madogo ya vitendo.

Jumatatu Ansgar alipewa barua mpya, akaniletea maabara nimsomee, kwa kuwa miwani yake ilikuwa imevunjika mkono. Ilisema ataendelea kuendesha mashine kwa muda, hadi hapo atakapopatikana mtu anayeweza kueleza kwa maandishi sababu za mafanikio yake.

"Kwa hiyo siyo getini?"

"Siyo getini, Baba Epifania."

Aliikunja barua mara nne, akaitia mfukoni, akauliza kama mbegu kutoka Kagongwa zimeshashushwa, maana zile huwa na unyevu na zingemlazimu kuanza upya. Nilimjibu kwamba zilishushwa asubuhi. Alikwenda kuwasha mashine.