Kizazi Kina Mlango na Shingo

Mavyaa wangu, mama mzaa mume wangu, humwita binti yangu "mke mwenzangu". Ndio utani wetu wa Mkongani: mjukuu wa kike ni mke wa babu, na bibi hana budi kumwonea wivu. Babu mwenyewe alishatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, lakini ukewenza haukuisha. Wanagombania mume aliye kaburini, na mimi ndiye ninayewapikia wote wawili.

Binti alipotimiza miaka kumi, alipita mama mmoja wa afya ya kijiji na kipaza sauti, akitangaza kwamba zahanati wanachanja wasichana wa umri huo dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Mimi nilikuwa nakuna nazi, mavyaa yuko barazani anasuka mkeka. Upepo ulichukua nusu ya tangazo, na yaliyomfikia yeye ni maneno mawili: sindano, na kizazi.

Akaweka ukindu chini. "Wanataka kumfunga kizazi mke mwenzangu."

Simlaumu. Kwetu, daktari akitaja kizazi, watu husubiri aseme kufunga. Mwanamke akichoka kuzaa huenda hospitali ya Msambweni akafungwa kizazi, yakaisha. Nikamweleza kwamba hii ni ya kuzuia saratani, ile inayoshika pale kwenye mlango.

"Mlango upi?"

"Mlango wa kizazi, mama. Wengine huita shingo ya kizazi."

"Kina mlango, kina shingo." Akanitazama kana kwamba nina homa. "Kesho utanambia kina madirisha. Na mlango, mwanangu, kazi yake nini kama si kufungwa?"

Nikampigia mume wangu, anayefua mashuka katika hoteli moja ya Diani. Akasema, "Ongea na mama." Nikamwambia nimeshaongea naye. Akasema, "Basi ongea naye vizuri." Ahsante sana, baba watoto.

Ningeweza kumpeleka mtoto kwa siri, lakini Mkongani siri hukutangulia kufika nyumbani. Na nilijua yatakayofuata: binti akija kuolewa, akachelewa kushika mimba mwezi mmoja tu, nitaulizwa mimi. Hata hivyo nilitaka achanjwe. Niliogopa saratani kuliko nilivyomwogopa mavyaa, na hilo si jambo dogo.

Nikamwambia, "Twende sote, ukamuulize nesi mwenyewe." Akakubali upesi mno. Akavaa buibui lake la harusini, akajifukiza udi, maana mtu haendi kugombana bila kujiweka sawa.

Nesi alikuwa binti wa bara, ana haraka zake. "Sasa, mama," akamwambia.

"Sasa ni saa tatu, mwanangu. Salamu je?"

Nesi akacheka, akatoa shikamoo, mavyaa akaitika marahaba kisha akakaa kitako. "Nambie. Sindano hii yafunga au haifungi?"

"Haifungi kizazi, mama. Atazaa Mungu akipenda. Inamfungia nje mdudu anayeleta saratani, asipate kuingia. Ndiyo maana tunawachanja wangali wadogo, kabla hawajaolewa."

Mavyaa akanigeukia. "Si nilikwambia ni kufunga?"

Nikainamisha uso kwenye mtandio nisionekane nikicheka. Nilidhani sasa ndipo ataanza. Lakini aliuliza kwa sauti ya chini, "Na huyo mdudu akishaingia, mtu huonekanaje?"

"Haonekani na chochote kwa miaka mingi. Saratani ikishashika, ndipo hutokwa na damu ovyo, hata yule aliyekoma hedhi. Kiuno humuuma. Hutokwa na maji yenye harufu mbaya."

"Hata akioga?"

"Hata akioga, mama. Ni ugonjwa uliomo ndani, hautoki kwa maji."

Mavyaa akainuka. Akamvuta mjukuu wake, akampandisha mkono wa gauni yeye mwenyewe, akamfunika macho kwa ncha ya buibui. "Mchome," akasema.

Mtoto akalia kidogo, zaidi kwa ajili ya watazamaji. Nesi akatuambia sisi wakubwa twende tukapimwe, maana ikigunduliwa mapema hutibika. Nilingoja mavyaa aseme kwamba umri wake umeshapita mambo hayo. Akauliza ni siku gani wanapima.

Tukarudi kwa miguu. Binti alitangulia, ameshika mkono wake uliochomwa, akimwonyesha kila tuliyepishana naye. Mavyaa alikuwa akitembea polepole, nami nikapunguza mwendo.

"Nilikuwa na dada," akasema. Miaka yote niliyokaa nyumbani mwake sikuwahi kusikia habari za dada. "Aliolewa Funzi. Mumewe akamrudisha kwetu, akasema mke ananuka. Na kweli, alikuwa akinuka. Akawekwa chumba cha nyuma, akalala humo mpaka alipokufa."

Nikamshika mkono.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea maji," akasema. "Asubuhi ndoo, jioni ndoo, na sabuni. Nikimwambia, dada, hebu jisugue vizuri. Naye akijisugua."